Kiganja kwenye Ukuta Mpya

Enzi zetu, nyinyi mliokulia kwenye nyumba za udongo mtanielewa, ukuta mpya ulisalimiwa kwa kiganja. Kiangazi kikiingia huko kwetu Katanga, mama zetu walisiliba kuta upya na kuzichora kwa vidole: udongo mweupe, mwekundu, na masizi ya chungu. Mama Kabedi alichora mawimbi. Mama Ngoie, mistari kama mifupa ya samaki. Mama yangu Monga, mbegu za maboga. Sisi watoto tulikanyaga ule udongo mpaka magotini, tunanuka mvua mwili mzima. Na ukipita, lazima uweke kiganja ukutani, ndiyo pongezi. Ukipita hivi hivi, Mama Kabedi anasema, "Huyu amenitukana," na jioni mama yako ameshaambiwa.

Basi shule ya mjukuu wangu Neema ilipopeleka watoto kwenye jumba la sanaa huko Braamfontein kutazama sanaa za wenyeji wa nchi hii tuliyohamia, wakatafuta wazazi wa kusindikiza. Mama yake yuko saluni, anasuka. Nikasema nitakwenda mimi. Neema, ambaye kila kitu hunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alikumbuka Kiswahili: "Koko, hutaelewa kitu." Koko ndiye mimi, bibi yake. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikapanda basi lao.

Vyumba viwili vya kwanza nilipita nikitazama tu. Cha tatu, harufu ilinipokea mlangoni. Dada mmoja wa Kivenda, mwenyeji wa huku, alikuwa amesiliba ukuta mzima kwa udongo, vidole vyake vinaonekana. Na watoto wa siku hizi, wameupa ukuta mgongo, wanajipiga picha wao wenyewe. Hakuna aliyempongeza yule dada. Nikaweka kiganja.

Darasa zima likacheka. Mlinzi, kijana wa kwetu Lubumbashi, akanijia polepole. "Mama, huku habagusake. Usiguse, hata kama ni kupongeza."

Neema alijificha nyuma ya wenzake. Lakini kwenye basi akaja kukaa karibu yangu. "Yule dada jina lake limeandikwa pale pembeni. La mama yako liliandikwa wapi?"

Nikamwambia majina yao yote yako kichwani mwangu tu, na kichwa chenyewe kimezeeka.

Jumamosi nikachimba udongo uani kwetu, hapa Malvern tunapoishi.

"Eish, koko, kucha zangu."

"Zitaota nyingine. Kanyaga."

Tukasiliba ukuta wa uani. Kila mchoro nikamtajia mama aliyeuchora zamani, akarudia jina mpaka likamkaa mdomoni. Mvua ikaja ikafuta michoro yote. Kiangazi kilichofuata nikampa ndoo tena, na kilichofuata tena.

Zamani ukuta mmoja ulipata viganja vya kijiji kizima kabla jua halijazama. Wetu unapata viwili. Lakini asubuhi, Neema akikimbilia shule, simu mkono mmoja, namwona kwa dirisha la jikoni. Hajui kama natazama. Anaweka kiganja, na midomo inacheza: Kabedi, Ngoie, Monga.