Gemu Inayosubiri Theluji

Verna Bellanger alikuwa na hadithi kumi na moja, na tangu dada yake afariki, hapo kando ya ziwa hakubaki mwingine aliyezijua zote kwa Kiojibwe, lugha ya wenyeji wa huko. Mjukuu wake Tess, anayetengeneza gemu za kompyuta, alipomwomba azirekodi ili watoto wa shule wazisikie wakicheza, alikubali kwa sharti moja: zisikike tu ardhi ikiwa imefunikwa na theluji, wanyama na mizimu wanaotajwa ndani yake wakiwa wamelala, wasisikie wakisemwa. Alirekodi siku tisa za Februari, mpaka sauti ikamkauka.

Tarehe mosi Desemba alikuwa kwa jirani, akinywa kahawa, aliposikia sauti yake mwenyewe ikisimulia kwenye tableti ya mtoto. Akachungulia nje. Udongo mtupu, nyasi zimesimama. Alishikwa na aibu, kama mtu aliyefumaniwa akiwasengenya watu mlangoni kwao.

Alimpigia Tess papo hapo. Tess akaeleza kwamba yeye na wenzake waliiwekea gemu tarehe, Desemba mpaka Machi, kwa kuwa kompyuta haina macho ya kuona theluji.

"Wewe unayo," Verna alisema. "Au uliyauza ukanunua hiyo kompyuta?"

"Basi funguo nakupa wewe, Bibi. Ukiiona theluji, fungua. Usipoiona, usinilaumu mimi."

Kitufe cha kufungulia hadithi kikawekwa kwenye simu ya Verna. Krismasi ikanyesha mvua. Januari barafu ya ziwani ilikuwa nyembamba, haikanyagiki, wavuvi wakarudi na ndoo tupu. Kila asubuhi Verna alikwenda dirishani na kurudi amenuna. Mara mbili theluji ilidondoka kidogo, ikayeyuka kabla haijafunika kitu. Mwalimu mmoja alimpigia akamwambia kuwafungia watoto hadithi ni ukaidi tu. Verna alimkatia simu. Mapafu yake yalikuwa yameoza kwa sigara na alilijua hilo. Akigoma, watoto hawasikii. Akifungua, watazisikia hadithi na kujifunza kwamba sharti lake halina maana.

Mwisho wa Machi vyura wakaanza kulia ziwani. Waliolala wameamka, msimu umekwisha. Verna, ambaye sasa alikuwa wa kitandani, alimwita Tess, akamkabidhi simu.

"Kuanzia sasa dirishani utakwenda wewe. Na usije ukaniona sipo ukafungua kiholela."

"Na mwakani isipoanguka tena, Bibi?"

Verna alimwambia afunge dirisha, vyura wanampigia kelele. Tess alilifunga, na alipogeuka alimkuta bibi yake analia kwa hasira, mikono imeng'ang'ania shuka.