Kabichi Tatu Nyuma ya Nyumba

Nilitoka kwetu magharibi na sanduku la mbao, blanketi moja na barua ya kazi. Safari ya kufika Nyeri ilinichukua siku tatu. Kutoka Kisumu hadi Nairobi watu waliimba ndani ya behewa na kugawana ndizi. Baada ya Nairobi, kwenye gari la moshi la kwenda Nanyuki, hakuna aliyeimba. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na waasi waliojificha msituni. Tulishushwa Thika, tukachuchumaa mstari mmoja, vipande vyetu, vyeti vya utambulisho, vikakaguliwa. Tukashushwa tena Karatina. Askari alisoma barua yangu, akaigeuza, akautazama na upande ambao haukuandikwa kitu.

"Wewe mtu wa Kavirondo, unatafuta nini huku?" Ndivyo walivyotuita watu wa magharibi.

"Kazi, afande. Mimi ni karani wa stoo ya barabara. Majembe na saruji."

"Watu wanatoroka huku, wewe ndio unakuja."

Alinirudishia barua bila kuniambia niende. Nikabaki nimechuchumaa mpaka mtu wa kando yangu akaninong'oneza niinuke. Nilipogeuka kumshukuru, alikuwa ameangalia upande mwingine kama mtu asiyenijua kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza desturi za kule.

Tangu wakati huo nimehama sana. Kitale, Voi, Moshi, Jinja, hata ndugu zangu wameacha kuniuliza anwani. Lakini mahali ninapopakumbuka kuliko pengine ni pale, vyumba viwili vya mabati nje ya mji, na nyuma yake kishamba cha kabichi chenye upana wa nyumba yenyewe. Asubuhi ukungu ulipoondoka mlima ulionekana, na majani ya kabichi yalikuwa yameshika maji kama vibakuli.

Kwetu hatukula kabichi. Tulikula mrenda na kunde. Aliyenianzisha ni mama mmoja aliyefagia stoo, mjane wa umri wa mama yangu, aliyekaa katika kijiji kipya ng'ambo ya barabara. Watu walikuwa wametolewa mashambani mwao wakakusanywa humo, wakazungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Siku moja aliniletea miche kwenye jani la mgomba.

"Karani, uko na udongo mzuri na unalala tu. Panda hii."

"Mama, sijui kupanda kabichi."

"Hujui kupanda, unajua kuandika. Shika jembe."

Alinionyesha kuacha nafasi ya mkono mzima kati ya mche na mche, na kupanda jua likishaanza kulegea. Tulizungushia kila shina majivu, kwa sababu sota, kiwavi wa ardhini, hukata mche mchanga usiku ukaukuta umelala asubuhi. Vidukari tuliwaosha kwa maji ya sabuni. Vichwa vilipoanza kufunga, nilimkuta ameinama, amekishika kimoja kwa mikono miwili, anakipindua taratibu mpaka mizizi ikalia chini ya udongo. Alionekana kama mtu anayenyonga kitu.

"Inakunywa maji mingi," alisema bila kuinua uso. "Ukikata mizizi kidogo haitapasuka."

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema alifanya kazi bustani ya memsabu mmoja wa Kizungu huko Naro Moru. Nilimuuliza kuhusu watoto wake. Akasema alikuwa na kijana mmoja, na kwamba kijana alikufa. Kijijini walisema yuko msituni. Kuanzia siku hiyo nilitazama mikono yake zaidi ya uso wake.

Kiongozi wa homgadi, walinzi wa kijiji waliopewa silaha na serikali, alikuwa mwenyeji wa hapo hapo, mtu mrefu mwenye koti la jeshi lililomfika magotini. Kila Jumamosi alikuja kuhesabu kabichi zangu. Sheria ilikuwa fupi. Chakula kilicho nje ya handaki kinaweza kufika msituni. Kabichi ikipotea, mwenye shamba aseme siku hiyo hiyo, asiposema ndiye aliyewalisha walio msituni.

"Ishirini na nne," alisema. "Umekula ngapi wiki hii?"

"Mbili."

"Peke yako? Kavirondo, wewe uko na tumbo mbili?"

Alicheka, nami nikacheka, kisha akaenda jikoni kwangu kuangalia maganda.

Mwezi wa mvua nilitumwa Nanyuki kuchukua saruji, nikakaa huko siku mbili. Mvua haikukatika. Niliporudi mchana wa siku ya tatu, kabichi tatu hazikuwepo. Zilikuwa zimekatwa vizuri kwa kisu, visiki vimebaki ardhini, na juu ya kila kisiki palichanjwa msalaba wa kina. Nilisimama pale nikitazama ile misalaba. Mama alikuwa stoo, umbali wa hatua hamsini, anafagia. Ningeweza kwenda kumuuliza. Nilikwenda kambini kwa homgadi.

Nimejieleza mara nyingi kwa nini. Niliogopa Jumamosi. Niliogopa pia kwamba jibu lake lingenifanya nijue jambo ambalo nisingeweza kujifanya silijui.

Kiongozi alikuja, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye msalaba wa kwanza.

"Hii ni alama ya kiapo cha watu wa msituni," alisema. "Njia nne. Wanaambiana pa kupata chakula."

Mama aliitwa kutoka stoo, wala hakukana. Alisema mbele yetu sote kwamba vichwa vitatu vilipasuka kwa mvua, akavikata kabla havijaoza. Kuhusu misalaba, alishangaa tulivyokuwa hatujui.

"Ukikata hivi, kisiki inatoa ingine ndogo nne. Memsabu alinifunza. Ngojeni wiki tatu mtaona."

"Na zile tatu zilienda wapi?" kiongozi aliuliza.

Aliulizwa mara tatu, na mara zote tatu alitazama ardhi. Wakamfungia kambini, na kiongozi akaniambia lori la kupeleka watu kizuizini lingekuja mwisho wa mwezi.

Mimi, niliyepeleka taarifa, nikaanza kutunza visiki. Asubuhi kabla ya kazi nilivimwagia maji, nikavitilia samadi ya mbuzi, nikatoa konokono kwa mkono. Nilijua kijijini msimu ule kulikuwa na watoto waliovimba miguu na nywele zao kuwa nyekundu kwa kukosa chakula. Nilijiambia kabichi zilikwenda kwao, na kwamba alinyamaza ili mama zao wasifungwe. Siku nyingine nilijiambia zilikwenda msituni kwa kijana ambaye hakufa. Ilitegemea nimeamkaje.

Siku ya kumi na nane vichipukizi vilionekana, vya kijani hafifu, kimoja kila pembe ya msalaba. Nilikimbia kumwita kiongozi. Alivihesabu kimoja kimoja.

"Ni kweli. Imetoa nne."

"Basi hakudanganya."

"Karani, wewe umesoma, fikiria. Mwizi anang'oa anaenda. Huyu amekata pole pole, ameacha shina itoe ingine. Anamtunzia nani? Kuna mtu anajua atarudi kula."

Nilikuwa nimeshawaza hivyo mwenyewe, nikiwa nimeinama pale pale na kopo la maji.

Siku moja kabla ya lori, tuliitwa kwa afisa mzungu, kijana aliyekunja mikono ya shati na kuonekana hajalala. Mama alisimama karibu na mlango. Afisa aliniuliza kama nilikuwa na la kuongeza kwenye maelezo yangu.

"Ninalo," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia azikate. Kabla ya kwenda Nanyuki nilimwambia zikipasuka azikate, azile."

Kiongozi alinigeukia. "Na kwa nini ulikuja kwangu?"

"Nilisahau."

"Mtu wa kalamu anasahau?"

"Nilisahau," nilirudia.

Afisa alinitazama, akamtazama mama, akaandika mistari michache. Mama aachiliwe. Mimi, kwa kutoa chakula bila ruhusa na kusumbua ofisi kwa taarifa isiyo ya kweli, niondoke wilayani kabla ya wiki kwisha na nisipewe kazi tena upande huo. Hakuna aliyeniamini mle ndani. Nilimtazama mama nione kama hata yeye ameshangaa. Alikuwa akitazama mlango.

Siku tano hakunisalimu. Alifagia stoo, nami niliandika orodha ya majembe kwa ajili ya karani atakayenifuata. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta kishambani, anapandishia udongo kwenye mashina kwa jembe langu. Kiongozi alikuwa amesimama barabarani na koti lake, akingoja kuhakikisha napanda gari la stesheni.

"Mama," nilisema kwa sauti ndogo, "sasa naondoka na sirudi. Niambie tu. Zililiwa na nani?"

Aliangalia barabarani kwanza, kisha kwenye ua, kisha mimi.

"Ni wewe unauliza," alisema, "ama ni yeye?"

"Ni mimi."

"Juzi ulikuwa upande wake. Jana ukakuja upande wangu. Leo sijui uko wapi, kijana yangu." Alichimbua udongo, akausukumia shinani. "Ulinitoa, nimeona. Lakini hiyo siwezi kukupatia."

Nilibeba sanduku langu hadi barabarani. Kiongozi alinishikia blanketi nikapanda nyuma ya gari, akainama karibu na sikio langu.

"Amekuambia nini?"

"Ameniambia safari njema," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja, na dereva akaondoa gari.