Maua Yasiyonukia

Wiki iliyopita kichupa cha mafuta ya asmini kilinimwagikia kwenye droo ya soksi, na kwa siku tatu chumba changu huku ng'ambo, Walthamstow, kikanukia Bibi. Dirisha sikufungua. Nilijilaza mchana kweupe, nikafumba macho, na maua yale meupe yenye wekundu wa mbali yakaanza tena kudondoka polepole.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Mombasa kukaa nasi miezi mitatu. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kazini hawakumpa hata Jumapili moja. Basi siku ya tamasha la Wajapani la maua ya micheri, tukaenda sisi wawili tu. Mimi nilijua basi la kupanda, Bibi alijua mengine yote.

Aliposikia kuna tamasha la maua, alielewa kama anavyoelewa mwanamke wa Mombasa: penye maua hutungwa vikuba, vile vishada vya asmini ambavyo wanawake hujibandika kifuani wanukie. Asubuhi alinisuka nywele saa nzima, kisha akatia mkobani sindano, uzi, pini, kichupa cha mafuta yake, leso moja na mahamri ya kutosha harusi.

Bustanini njia nzima ilikuwa imefunikwa na matawi yaliyochanua, na upepo ulipopita mvua ya maua ikatunyeshea bila kutulowesha. Mbali zililia ngoma za Kijapani, nzito, zikaingia tumboni. Bibi akaliinamisha tawi moja taratibu, akalinusa, akalinusa tena.

"Mazuri, masikini," akasema. "Lakini mabubu."

Akatandika leso chini ya mti. Wajapani nao walikuwa wametandika mikeka yao chini ya miti na vyakula vyao, kwa hiyo katika bustani nzima hakukuwa na mgeni aliyejiweka sawa kama Bibi. Mzee wa kike wa mkeka wa jirani alipewa mahamri, naye akatupa matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani. Bibi alininong'oneza kwamba kwao mwani hutupwa na bahari na hakuna anayeuokota. Akala tonge lote, akaongeza jingine.

Kisha akaokota maua yaliyoanguka, akayatunga moja moja, akayadondoshea mafuta ya asmini ili yapate kusema. Harufu ikafika njiani, watu wakageuka. Mimi sikuona uzuri wowote. Niliona buibui alilovaa Bibi, sindano, na macho ya watu.

Hapo ndipo alipotokea Ella, msichana wa darasani kwetu ambaye muhula mzima nilikuwa nikiomba anialike nyumbani kwao. Aliniuliza kwa Kiingereza kama yule mama yuko na mimi. Nikasema hapana.

Kiingereza cha Bibi kilikuwa cha kuhesabika kwa vidole, lakini neno hapana alikuwa nalo. Hakuinua uso. Alikata uzi kwa meno, akamwita Ella kwa mkono, akambandika kikuba kwenye koti. Ella akacheka kwa furaha, akamuuliza yeye ni nani. Bibi akajigusa kifua, akajibu kwa Kiingereza neno moja alilofundishwa na mama kwa ajili ya watu wa jengo letu aliokutana nao ngazini.

"Jirani."

Kisha akanibandika na mimi changu, kwa tabasamu la kumpa mtoto wa watu. Nikashusha pumzi. Nilimshukuru Mungu kwamba Bibi alikuwa amechanganya maneno.

Ndani ya basi nilingoja anigombeze. Alinivuta tu kichwa, akakilaza begani pake.

"Mwenzio ana adabu, mamangu," akasema. "Amenambia ahsante."

Fadhila za punda ni mateke, na mimi teke langu nililipiga nikiwa bado na mafuta yake kichwani. Lakini wakati ule sikujua. Nilisinzia kwa raha, asmini ikinukia chini ya kidevu.

Bibi alikuwa na miaka miwili kaburini nilipoelewa. Nilikuwa napiga mswaki, sina hili wala lile, nikakumbuka soko letu na Jumamosi zile kumi na ngapi alizonishika mkono meza hadi meza. Kwa muuza samaki, kwa muuza vitambaa, hata kwa mtu aliyekuwa akipita zake, Bibi alininyooshea kidole na kutangaza kwa Kiingereza kwamba yeye ni bibi yangu. Katika maneno yake yote machache, hilo ndilo alilolijua zaidi, na ndilo alilolipenda.

Hakuwa amechanganya kitu. Alinisitiri. Nikakaa ukingoni mwa bafu nikalia, povu la dawa bado mdomoni.

Soksi zangu bado zinanukia. Sijazifua.