Mikono ya Komeo

Yule mpiga picha wa mashine ya sumaku tunamwita Komeo. Miaka ishirini na miwili hajampa mzazi jibu hata la kumtuliza. Mzazi atalia, atabembeleza, atamwita dada, Komeo ni yaleyale: daktari atawaambia Alhamisi. Mimi ningeshapasuka zamani. Mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana nimewekwa mapokezi kuita wagonjwa.

Mashine yake haipigi picha tu. Inapima pia kemikali za ubongo na kuzichora kwa mstari wenye vilele, kila kemikali na kilele chake. Kuna ugonjwa wa nadra ambao mtoto anaurithi kwa baba na mama wasioumwa lolote. Kemikali moja haivunjwi mwilini, inarundikana, na sehemu nyeupe ya ubongo inaharibika. Kilele chake kinavipita vingine vyote. Komeo akikiona anajua, ila hana ruhusa ya kusema.

Jumanne ile alikuja mama mmoja na kichanga cha miezi minne. Nilimkumbuka. Miaka mitatu nyuma alimleta kaka wa kichanga huyu, kilele kikawa juu, na mpaka leo yule mtoto hajakaza shingo. Sasa alitaka kujua kama na huyu anao. Alikuwa amechoka hoi. Aliniambia kutwa anamgeuza mkubwa ubavu kwa ubavu, na huyu mdogo anaogopa hata kumzoea.

Kipimo kilichukua karibu saa nzima. Komeo akatoka akichechemea kwa magoti yake mabovu, akasema yaleyale ya Alhamisi, na nesi akamkabidhi mama mtoto. Yule mama alimkodolea Komeo macho, kisha akakaa sakafuni palepale, akawa analia huku anacheka.

Komeo akamuuliza kuna nini, mbona hajamwambia kitu.

"Umeniambia, dada," alisema. "Safari ile ulimbeba mwanangu wewe mwenyewe, ukamfunika vizuri, ukatusindikiza hadi getini. Wenzangu wa kliniki wenye watoto kama wangu, wote uliwabebea. Leo umetia mikono mfukoni."

Niliona haya. Miaka tisa nimekaa hapa, umbea wote huu, na hilo sikuliona. Komeo mwenyewe alikuwa hajui. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Kumbe siku zote nilikuwa nasema," akaniambia.

Yule mama akaenda zake amemkumbatia mwanawe, na Alhamisi daktari akamwambia alichokwisha kukijua.

Lakini Jumanne ileile, saa nane mchana, niliita baba mmoja na binti yake wa mwaka mmoja. Kipimo kilipokwisha, Komeo alitoka na mikono mfukoni. Yule baba hakujua lolote la mikono. Alimshukuru sana, akamweka mtoto begani, akatembea naye peke yake hadi getini. Nami nikashukuru moyoni kwamba angalau huyu amepona.

Komeo aliwatazama dirishani mpaka wakapotea, mikono bado ameikaza mfukoni. Kisha akaingia chooni, akafungulia bomba, na nikamsikia analia.