Injini Iliyokataa Kutoka

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, wewe ambaye hujazaliwa, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza nipo kidato cha tatu. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mbele za watu sauti yangu hupotea, ila nikiandika naweza kuwa hata mzee.

Baba alikuwa ameamua kubadilisha mwenyewe injini ya pikapu yetu, hapa hapa uani, mtaani kwetu Katandala. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya. Injini ya zamani ilikuwa imekufa, na nyingine ya mtumba ilikuwa imelazwa juu ya magunia kama mgeni. Pikapu hiyo ndiyo inayoshuka bondeni Mtowisa kuleta mchele tunaouza. Ikiharibikia mikononi mwa Baba, biashara imekwisha.

Mimi nilifurahi, nisikufiche. Baba na majirani walipofungua boneti, wakatoa betri, wakamwaga oili, wakavua rejeta ya kupozea maji na mipira yake, kila kitu nilikiuliza moyoni: wewe kazi yako nini? Na moto wenyewe unakaa wapi humo?

Wakasimamisha milingoti mitatu ya mkaratusi, wakatundika winchi ya mnyororo, majirani wakavuta. Injini haikutoka. Gari zima ndilo lililonyanyuka mbele, matairi yakaning'inia.

"Ongeza!" jirani mmoja akapaza sauti.

"Mnabembeleza nini? Vuta!"

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno, lakini pale niliona neno likikaribia kuharibika. Mlingoti mmoja ulianza kulia, na mikono ya Baba ilikuwa kule chini ya injini, inachokonoachokonoa.

Baba Masanja, jirani yetu Msukuma, akacheka. "Nyie Wafipa, nguvu zote mmemalizia kwenye ugali wa ulezi. Nilete ng'ombe wangu wavute?"

Hapo Bibi, mama yake Baba, akatoka jikoni na unga mikononi. Bibi hajawahi kushika hata spana.

"Wewe mwenye ng'ombe," akamwambia, "plau ikikwama shambani unafanyaje? Unawachapa?"

"Hapana, mama. Nawarudisha nyuma, nainama kuangalia kisiki."

"Haya. Na hapa nani ameinama?"

Baba akatoa mikono, wakashusha taratibu mpaka matairi yakagusa ardhi. Kisha wakaanza kuchungulia. Nyuma kabisa, injini inapoungana na giaboksi, mkono wa Baba haukupenya, akaniita mimi mwenye mkono mwembamba. Nikapapasa bila kuona, kwenye tope la oili. Tundu tupu. Tundu lingine, tupu. Halafu kichwa cha bolti.

"Ipo," nikasema, kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia. Nikarudia, "Baba, bolti moja bado ipo!"

Ilifunguka kwa shida. Walipovuta tena, injini ikapanda bila ubishi, ikawa inazunguka hewani polepole huku ikidondosha oili, na mimi nimeachama mdomo.

"Mama," Baba Masanja akasema, "kesho njoo unilimie."

Ile nyingine tuliiingiza wiki iliyofuata. Ikakohoa moshi, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Imeshakwenda Mtowisa na kurudi.

Sasa, mwanangu, kuuliza si ujinga. Jambo likikukatalia, usiongeze nguvu kabla hujajua limeshikwa wapi. Shusha kwanza, uiname, upapase. Na watu nao ni hivyo hivyo. Mwalimu akiniuliza darasani nikanyamaza, hunikaripia zaidi akidhani nitafunguka, kumbe kuna kitu kimenishika ambacho hata mimi bado nakitafuta. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, usimvute. Kaa naye kwanza, umuulize taratibu.

Mungu akujalie moyo wa kudadisi na mikono isiyo na pupa, na kila utakachokinyanyua kiinuke salama, wewe na walio karibu nawe msiumie. Amina.