Pua ya Trizah

Kwa miaka kumi na miwili Trizah aliishi kwa pua yake. Katika godauni moja la pombe kali huko Shimanzi, yeye ndiye aliyeonja kabla chupa hazijapelekwa hotelini, na Mutunga, mwenye godauni, hakuwahi kulipinga neno lake. Mwezi Machi akashikwa na homa. Alipopona, harufu zote zilikuwa zimeondoka. Alinusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa, akanusa shati la marehemu mumewe alilolihifadhi ndani ya mfuko. Hakusikia kitu. Akaificha siri hiyo miezi mitano.

Jumanne moja asubuhi akaja Awino, msimamizi wa baa ya hoteli mpya kule Mbaraki. Alitaka konyaki ya aina moja tu, kali, yenye kileo cha zaidi ya asilimia hamsini: mgeni aweze kuinywa kavu, polepole, na mhudumu aweze kuichanganya na limau na barafu isipotee ladha.

Chupa tatu zikawekwa mezani. Trizah alionja, akatema, akaongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ulimi ulimwambia machache: moto, utamu, uchungu. Ya kwanza ilimchoma koo, basi. Ya pili ikawa chungu ilipokutana na limau. Ya tatu ilibaki na utamu wake hata barafu ilipoyeyuka.

"Hii ya tatu," alisema.

"Na harufu yake?" aliuliza Awino.

Trizah aliizungusha bilauri. "Zabibu kavu. Ganda la chungwa. Mbao kidogo, kwa mbali."

Awino akainua bilauri, akanusa, akanusa tena. "Dada Trizah, mimi nasikia gunia lililolowa."

Mutunga naye akanusa, akakunja uso. Kizibo cha chupa ile kilikuwa kimeota ukungu kwa ndani. Mtu yeyote angejua kwa kunusa tu.

"Sisikii harufu," Trizah alisema. "Tangu Machi, bosi. Niliogopa kukuambia."

Mutunga alitoka nje, akasimama kati ya malori.

"Fungua chupa nyingine ya hiyo hiyo," Awino alisema.

Trizah alifungua. Awino alinusa. "Chungwa lipo. Ulijuaje?"

"Nimekumbuka tu. Mwaka juzi nilikuwa nikiisikia."

Awino aliagiza katoni sita za konyaki ile. Hata hivyo, adhuhuri Mutunga alimtaka Trizah arudishe ufunguo wa chumba cha kuonjea. Kuanzia kesho yake angebandika stempu za ushuru kwenye chupa, kwa nusu ya mshahara. Alikubali, kwa kuwa binti yake alikuwa kidato cha tatu na karo ilidaiwa.

Daktari alimshauri ajizoeze kunusa vitu vinne kila siku. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Trizah huketi jikoni, akafumba macho, akanusa karafuu, waridi, limau na mkaratusi, akijilazimisha kuvikumbuka. Wiki ya tisa sasa, na bado hasikii chochote.