Kelele za Rehemah Katika Uwanja wa Shule

Nimevuka mipaka mingi, na kila mpaka una namna yake ya kugombana. Kuna mahali watu hunong'ona, kuna mahali hununa wakaenda zao. Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hupiga kelele. Wala si kukosa adabu. Sokoni pale kelele ni chombo cha kazi: ukidhulumiwa unapaza sauti papo hapo, watu wanakusanyika, na waliokusanyika ndio mashahidi wako. Anayenyamaza hana shahidi. Syahuka, mbeba magunia, alinieleza kwa maneno machache: "Hapa mutu akinyamaza, watu wanajua ni yeye amekosa."

Rehemah anaijua kazi hiyo kuliko wengi. Nyumba yake iko Kasese mjini, biashara yake iko Bwera: ananunua maharagwe, anauza mchele. Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa ameinua juu kikombe cha bati cha Anastasie, mwuzaji kutoka upande wa Kongo, na mtandio umemshuka mabegani.

"Tazameni tako ya hii kikombe! Imegongwa nyundo ikaingia ndani! Hii inapima maharagwe ama inapima ujinga yangu?"

"Weye Rehemah, unanionea bure," Anastasie alisema, naye akipaza sauti. "Kikombe ilianguka!"

"Ilianguka juu ya nyundo?"

Soko likacheka. Anastasie akaleta kikombe kingine, akapima upya, na kabla maharagwe hayajaisha kumwagwa guniani walikuwa wameshaurudia urafiki wao. Ndivyo ilivyo. Ugomvi unasemwa mbele za watu na unakufa mbele za watu.

Bado wakipima, simu ya Rehemah ililia. Alikuwa Mwalimu Blasio, mwalimu wa darasa la saba la binti yake Naswiba, huko Kasese.

"Mama Naswiba, kuna jambo dogo. Njoo kesho ofisini tuzungumze."

"Jambo gani?"

"Si la simu, mama."

"Mutoto yangu amekufa?"

"Hapana, mama. Ni huu mkebe wa vifaa vya hesabu wa mwenzake. Umepotea, na tunafikiri labda Naswiba… Lakini njoo kesho, tutaongea taratibu."

Rehemah hakusikia neno taratibu. Alisikia kwamba mtoto wake ameitwa mwizi, na kwamba mtu anataka kulimaliza jambo hilo ndani ya chumba, bila mashahidi. Kwa mtu wa soko la Bwera hiyo ni harufu ya dhuluma. Aliacha maharagwe yake kwa Syahuka, akapanda mbele katika lori la dereva aitwaye Isa lililokuwa likielekea Kasese.

Isa ni mtu mpole na hilo lilimponza. Walipofika Muhokya, njiani, alisema, "Dada, tulia kwanza. Mambo ya watoto haya."

"Wewe uko na mutoto darasa ya saba?"

"Sina."

"Basi endesha gari."

Nami namwelewa. Nimechoka na watu wanaomwambia mzazi atulie kana kwamba utulivu ni maji ya bomba, ufungue tu. Wanaosema hivyo wengi wao hawajawahi kupigiwa simu wakiwa mbali, wakiwa na kazi mkononi, kuambiwa neno nusu kuhusu mtoto wao. Mwalimu Blasio naye alikosea. Kama jambo si la simu, asilitaje kwenye simu. Ukimtajia mama mkebe uliopotea na jina la mwanawe katika pumzi moja, ndipo umwambie asubiri kesho, umemwachia moto usiku kucha.

Rehemah hakusubiri kesho. Alifika shuleni wakati wa chakula cha mchana. Watoto walikuwa kwenye mstari mrefu, sahani mikononi, wakingoja posho, yaani ugali, na maharagwe. Ofisi ilikuwa upande wa kushoto, mlango wazi. Hakuielekea. Alisimama katikati ya uwanja, pale ambapo kila mtu angemwona, akaanza.

"Nani anasema Naswiba ameiba mkebe? Atoke! Atoke aseme mbele ya watu! Mutoto yangu haiko mwizi! Nimemlea mimi, ninamjua! Huyo mwenye mkebe ni nani? Mutoto ya nani?"

Blasio alitoka mbio, kijiko bado mkononi. "Mama, tafadhali, ingia ofisini."

"Ofisi ya nini? Unaogopa mashahidi?"

Mashahidi walikuwapo. Shule nzima ilikuwapo. Na jambo ambalo mpaka dakika ile lilijulikana na watu wanne tu, yaani mwalimu, Naswiba, mwenye mkebe ambaye ni msichana wa kambi ya jeshi aitwaye Ayaa, na mama yake Ayaa, sasa lilijulikana na mpishi, na darasa la kwanza, na muuza miwa wa getini. Naswiba alikuwa kwenye mstari. Aliiweka sahani yake chini, polepole, akaondoka bila kula.

Kesho yake hakwenda shule. Keshokutwa pia. Mtihani wa mwisho wa darasa la saba ulikuwa umekaribia, mtihani ambao bila huo hakuna sekondari, na Rehemah alikuwa ameshaanza kumtafutia mwanawe shule ya bweni. Naswiba alilala akitazama ukuta.

"Sema. Ulichukua ama hukuchukua?"

Kimya.

"Nimekutetea mbele ya shule nzima, na wewe unaninyamazia mimi?"

Kimya. Na Rehemah alijua kimya kina maana gani sokoni. Alitaka kumtikisa. Alitaka kuvunja kitu. Aliniambia alitwaa sufuria, akairudisha, akatoka nje akaenda kumtafuta mtu wa kugombana naye, na mtu aliyemfikiria ni mama yake Ayaa.

Getini kwenye kambi askari alimwinulia mkono. "Simama hapo hapo! Unataka nani?"

"Mama Ayaa."

Aryemo alikuja mwenyewe, mikono imejaa povu la nguo. Ni mwanamke mrefu kutoka kaskazini, mke wa sajini, amehama na mume wake kambi baada ya kambi. Nyuma yake wake wengine wa askari waliacha kufua ili wasikie.

"Wewe ndiyo Mama Naswiba? Ile redio?"

Wakacheka. Rehemah alifungua kinywa, lakini Aryemo alimtangulia.

"Nyamaza kwanza! Wewe umekwisha ongea, sasa mimi! Mutoto yangu alipoteza mkebe. Aliona mkebe yake kwa begi ya Naswiba. Hakupiga kelele. Alikuja kwangu. Mimi nikaenda kwa mwalimu, nikamwambia, mwalimu, hawa ni marafiki, usiseme mbele ya darasa, huyo mutoto ataurudisha mwenyewe. Mimi! Mimi nilimuombea binti yako! Halafu wewe unakuja unasimama pale kama afande wa paredi, unauliza mutoto ya nani? Sasa darasa nzima inamuita Ayaa mchongezi. Jana wamemwaga chakula yake. Juu ya mdomo yako! Unasikia?"

Rehemah alisikia. Alikuwa na majibu. Yalikuwa yamejipanga mdomoni, na wanawake walikuwa wamekusanyika tayari, mashahidi wa kutosha. Lakini hakuna hata moja la kweli aliloweza kusema kumhusu Aryemo. Akasimama, akatukanwa mpaka povu likakauka mikononi mwa yule mwanamke. Ndipo akaona kwamba wote waliokuwa pale walikiona kimya chake wakadhani wamekielewa. Hawakukielewa. Mwenyewe hakukielewa. Kilikuwa kimejaa vitu, na kukiri kosa kulikuwa kimoja tu kati ya hivyo.

Alirudi nyumbani amekasirika zaidi ya alivyotoka. Hilo alilisisitiza aliponisimulia. Hakutaka nidhani hasira ilimtoka njiani. Alichukua ungo wa maharagwe, akaketi mlangoni pa chumba cha Naswiba, akaanza kuchambua mawe. Hakuuliza kitu. Si kwa hekima. Alikuwa akiogopa kwamba akifungua mdomo atasema neno lisiloweza kurudishwa.

Jiwe likaanguka kwenye kopo, na jingine.

"Ya kwangu ilipotea," Naswiba alisema akiwa ameelekea ukutani.

Rehemah aliendelea kuchambua.

"Mkebe yangu. Siku ulininunulia ulisema sokoni mbele ya watu wote, nikipoteza hii utanionyesha. Ikapotea. Nikachukua ya Ayaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepiga kelele."

Vidole vya Rehemah vilikaza kwenye ukingo wa ungo hadi ukindu wake ukalia. Aliutazama ungo.

"Iko wapi sasa?"

Naswiba aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. "Mwalimu aliniambia nirudishe kimyakimya. Siku ile nilikuwa nayo kwa begi. Nilitaka nimpe Ayaa baada ya chakula. Halafu ukaja."

"Iko wapi?"

"Niliitupa chooni."

Ziko hasira za kukanyagiwa mguu, na iko hasira ya kugundua kwamba jambo lilikuwa limekwisha, limekwisha kabisa, limelala ndani ya begi likingoja watoto wamalize kula, na ni wewe uliyelifufua kwa sauti yako mwenyewe. Rehemah aliinuka. Naswiba akajikunja, mikono kichwani. Mama yake alipoiona ile mikono alikaa tena chini, ungo magotini, akachambua maharagwe ambayo tayari hayakuwa na jiwe hata moja, mpaka ilipomlazimu kuwasha taa.

Asubuhi walinunua mkebe mpya, wa bati, wenye bikari na rula ndani. Rehemah hakusema neno dukani zaidi ya kuuomba. Kisha wakaenda shuleni, na safari hii walishika upande wa kushoto, kwenye ofisi. Aryemo na Ayaa walikuwa wameshafika. Blasio alikuwa amewaita. Naswiba aliuweka mkebe mezani.

"Ni mimi nilichukua. Pole," alimwambia Ayaa.

Ayaa aliufungua, akaitazama bikari. "Hii ni nzuri kuliko ile," alisema, na Aryemo akamfinya begani ingawa naye alikuwa akizuia cheko.

"Mama Naswiba," Blasio alisema, "ningekuomba siku nyingine…"

"Mwalimu, na wewe siku nyingine usiniambie nusu. Niambie yote ama usinipigie." Alisema kwa sauti ndogo iliyomtetemesha mwalimu kuliko ile kubwa ya uwanjani. Blasio akaitikia kwa kichwa.

Yalibaki ya nje. Kutoka ofisini hadi darasa la saba lazima ukatize uwanja, na watoto walikuwa wamesimama huko kwa makundi. Neno lilianza kwa chini, likapita kundi hadi kundi, kisha msichana mmoja wa darasa la sita akalisema wazi: "Mwizi amekuja na mama yake!"

Rehemah aligeuka. Mdomo ulikuwa tayari wazi. Naswiba alimtazama usoni, na katika macho yale mlikuwa na ombi moja tu. Mama yake akafunga mdomo. Ilimuuma, aliniambia meno yalimuuma.

Naswiba akamgeukia yule msichana mwenyewe. "Ndiyo, nilichukua. Nimerudisha. Wewe unataka nini?"

Msichana akarudi nyuma ya wenzake. Ayaa akamvuta Naswiba kwa mkono, wakaingia darasani.

Mchana huo nilikuwa Bwera. Rehemah alifika akamkuta Syahuka ameyaacha maharagwe yake juani, akamfokea, akamfokea mwenye toroli, akamfokea Isa aliyekuwa amepita tu kusalimia.

"Weye," Anastasie alisema, "leo kikombe yangu iko muzima. Unagombana na nani?"

"Na wote," Rehemah alisema. "Pima."